Mukankusi Aliyeipa Sinema Kisogo

Pale mtaani Gikondo, Mukankusi hakuwa na mpinzani. Katika banda la video, yeye ndiye aliyewageuzia mafundi gereji Kifaransa cha sinema kuwa Kiswahili, tena kwa kutia chumvi.

Mwaka 1992 ikaletwa kanda ya mwanamke aliyebeba mimba ya shetani. Mukankusi mwenyewe alikuwa na tumbo kubwa, na mama mkwe wake akaja juu: "Mwanangu, mjamzito akitazama sura ya kutisha, mtoto huifuata!"

"Sitaitazama, mama," akajibu.

Akageuza kiti, akaipa televisheni kisogo, akawaelekea watazamaji. Sinema nzima akaitafsiri kwa masikio tu, bila kukosea, mpaka wanaume wazima wakatumbua macho kwa hofu na kushikana mikono.

Siku mtoto alipotolewa nje kupewa jina, mafundi walewale wakaja kumchungulia, wakimtafuta pembe. Hawakuona pembe. Mtoto alikuwa mzuri ajabu, na mama mkwe akamwinua juu kila mtu amwone.

"Mshukuruni Mungu," Mukankusi akawaambia, kichwa juu. "Sura za kutisha nilizozitazama siku ile zilikuwa zenu, na mwanangu amezikataa."