Ukuta wa Jiko la Taratibu

Umewahi kumwona mtu akibisha hodi kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe? Saa moja asubuhi, mama mwenye kofia ngumu ya njano anaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Anasogea kidogo, anagonga tena, sikio kalisogeza karibu na lipu kama anayesikiliza umbea wa jirani.

"Hapa pazito," anasema. "Hapa pana uwazi. Na hapa ndipo linapopita bomba."

Wateja humwita Taratibu, kwa kuwa neno hilo haliishi mdomoni mwake. Kazi yake ni kubomoa. Watu wakitaka kukarabati nyumba, yeye hutangulia kutoa kuta, vigae na dari bila kujeruhi kinachobaki. Mumewe ni mwashi, na mara nyingi huitwa pamoja.

"Watu huniuliza tunalalaje nyumba moja, huyu anajenga na huyu anabomoa," anasema akicheka. "Nawaambia tunalala vizuri, mradi asikorome."

Leo hawakuitwa na mtu. Ukuta huu ni wao, unatenga jiko na sebule. Taratibu amebomoa majiko ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na jioni hurudi kupika ndani ya kijichumba chenye kidirisha kama cha kukatia tiketi. Kila alipoomba ukuta utoke, mumewe alikuwa na jibu moja tu: "Ukuta huo umebeba nyumba, mama watoto."

"Kwa wateja haamini neno la mtu, lazima apande juu aone kwa macho yake," anasema shemeji yake, mdogo wa mwashi, ambaye ndiye msukuma toroli la kifusi. "Hapa kwake akaamini tu. Mapenzi hayo!"

Mwaka huu alipanda. Alifungua ubao mmoja wa dari, akamulika tochi, akakuta mbao za paa zimeungwa juu ya ukuta ule ule.

"Nilihuzunika, maana mzee alikuwa amesema kweli," anakumbuka. "Halafu nikafurahi kwa sababu hiyo hiyo. Kumbe miaka yote hakuwa ananikwepa."

Aliposhuka kwenye ngazi, alimuuliza mumewe swali jipya: "Sasa wewe, ungetaka kitu gani kingine kiubebe mzigo huu?" Mwashi akaomba chai. Chai haijapoa, tayari alikuwa anachora sakafuni kwa chaki.

Wakalitegemeza paa kwa magogo, pande zote mbili za ukuta. Mwashi akasimamisha nguzo mbili za zege, na zilipokomaa wakatoa matofali ya juu kabisa na kulaza boriti ya chuma chini ya mbao. Shemeji alitaka kuanza kupiga nyundo siku ile ile zege lilipomwagwa.

"Zege halina haraka, shemeji," Taratibu alimwambia. "Mwenye haraka ni wewe, na litakalokuangukia ni paa."

Ndiyo maana leo nyundo bado imelala. Viti vimetolewa nje. Kabati lililowashinda kulibeba limefunikwa turubai. Chini ya mlango wa chumba cha kulala kumesokomezwa kitambaa kibichi, vumbi lisipite. Swichi kuu imezimwa, lakini Taratibu anazigusa nyaya kwa testa hata hivyo, mmoja baada ya mwingine.

Anapoingia jikoni kufunga maji, kicheko kinalipuka sebuleni.

"Mnacheka nini?" anapaza sauti.

"Aa, ilishapita, mama!" anajibu binti yake. "Hivi hapa utaweka kabati au meza?"

"Tubomoe kwanza."

Buti, glavu, miwani, barakoa. Mwashi anaomba atoe tofali la kwanza yeye, maana ukuta aliujenga mwenyewe, wakiwa maharusi wapya. Analigonga kwa tindo, analinyanyua, analipangusa kwa kiganja. "Samahani, bwana," analiambia, na shemeji anacheka mpaka barakoa inamshuka.

Kisha mwenye kazi anashika kazi. Anaanza juu kushuka chini, tofali kwa tofali, akinyunyiza maji kutuliza vumbi. Hapangui mstari wa pili kabla kifusi cha kwanza hakijatoka nje. Kidole chake kimoja hakina kucha. Tofali liliichukua zamani, alipokuwa bado anaharakisha.

Adhuhuri ukuta haupo tena. Yamebaki magogo, na hapo ndipo penye roho ya kazi. Taratibu anavuta uzi kutoka nguzo hadi nguzo, chini kidogo ya boriti. Boriti ikipinda, itaugusa uzi. Anawatoa wote nje, anabaki na mwashi, mlango ukiwa wazi nyuma yao.

Gogo la kwanza linalegezwa. La pili. Ubao mmoja juu unalia kwii, kisha unanyamaza. Mwashi amefumba macho.

"Fumbua, mzee," Taratibu anamwambia. "Uzi haujaguswa."

Anaufuata uzi kwa kidole mwanzo hadi mwisho, anangoja, anaufuata tena. Ndipo anavua kofia. Nje shangwe inapasuka. Shemeji analikimbiza toroli tupu kuzunguka nyumba kama gari la mashindano.

Jikoni, birika linaunguruma. Mwanga wa mlango wa mbele unafika mpaka kwenye sufuria, jambo ambalo halijawahi kutokea. Sebuleni shemeji anaigiza jinsi kaka yake alivyofumba macho, mikono kichwani, midomo ikiomba dua. Wanacheka wote. Taratibu, mwiko mkononi, anacheka pamoja nao mpaka anashika ukingo wa meza.

"Haya, mama watoto, ukuta umetoka," mwashi anasema akipangusa machozi. "Ni kabati au ni meza?"

"Hakuna kabati, hakuna meza. Hapo pabaki wazi."

Wanamtazama.

"Miaka yote nimewaletea chakula cha moto," anasema. "Kicheko mnaniletea kimepoa. Nilitaka na mimi nikipate cha moto."