Siku Nilipomjibu Jumbe Lukwele

Wenzangu, aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na watu wa huku juu Matombo wanaisimulia wapendavyo, wengine wanasema nilihongwa mbuzi, wengine wanasema nilipewa mke, basi leo naiandika mwenyewe kwa mkono wangu huu uliofundishwa kuandika misimu miwili tu misheni (mtaniwia radhi, herufi zangu zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua), mjue nani alikosa, na mimi nimo.

Zamani hizo za Mjerumani tulikuwa na chama chetu, watu wanane tu. Alikianzisha shemeji yangu Kobelo, kaka wa mke wangu, na mimi nilikuwa nalima ardhi ya ukoo wao kama ilivyo kwetu Waluguru, mume hulima kwa mkewe. Tukakiita Chama cha Mkeka kwa kuwa tulikutana juu ya mkeka wake mmoja, tumebanana, aliyechelewa anakaa nusu yake nje. Shauri letu lilikuwa moja. Jumbe Lukwele, aliyewekwa na Wajerumani, kila masika akitakiwa kutoa watu wa kubeba mizigo na kuchimba barabara alitoa watu wa kijiji chetu, ndugu zake wakabaki wanapanda mpunga. Kobelo alikuwa ameshachukuliwa mara mbili, shamba lake limekuwa pori, watoto wanakula mizizi, na masika ya tatu hayo yanakuja. Tukasema twende bomani Morogoro siku ya baraza, tumwombe Bwana Shauri (ndivyo tulivyomwita yule Mzungu wa kesi) zamu igawanywe vijiji vyote. Msemaji nikachaguliwa mimi, kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka, na Kobelo akaniazima kanzu yake, hana nyingine.

Sasa sikilizeni ujinga wa watu wanane. Ukoo wangu na ukoo wa Lukwele ni watani tangu kwa mababu. Mtani anakutukana mbele za watu nawe hukasiriki, unamjibu kwa kubwa zaidi, ukinyamaza umeshindwa, tena watani ndio wanaozikana. Jambo hilo kila mtu analijua, mtoto analijua, na sisi tukakaa mkekani miezi mitatu tukipanga maneno na hakuna aliyesema, jamani, mbona tunampeleka mtani akamshtaki mtani wake?

Tulitembea siku mbili. Barazani watu wamejaa, Bwana Shauri amekaa mezani, pembeni yake mkalimani Farahani, mtu wa pwani, amejipaka mafuta mpaka shingoni. Jina letu likaitwa. Nikasimama, nikakohoa, neno la kwanza liko mdomoni, na Lukwele kule kwenye safu ya majumbe akapaza sauti:

"Mtani! Kwenu wamekwisha wenye meno, mpaka aletwe pengo kusema?"

(Kweli, meno mawili ya mbele sina.) Kobelo akanifinya mguu. "Shemeji, nyamaza. Sema lililotuleta."

Ningenyamaza tu. Lakini watu wameshageuka, wananitazama kinywa.

"Meno yangu si uliyaazima wewe, mtani, ukaenda kuchumbia? Mkeo bado anayatumia."

Baraza likacheka. Nawaambieni ukweli, nilinogewa. Maisha yangu yote sijawahi kuchekewa na watu wengi namna ile.

"Na hiyo kanzu umemvua maiti gani?"

"Babako! Tulipomzika alisema nichukue, mwanawe hana umbo la kuvaa nguo."

Hata askari walicheka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshika mbavu, pengo lote nje, Bwana Shauri aliponiangalia. Akamuuliza mkalimani kuna nini. Na Farahani, badala ya kueleza utani ni nini kwetu, akamjibu kwa maneno machache, kisha akatugeukia: "Bwana anauliza, hao waliokuja kuchezea baraza lake ni wangapi?"

Kobelo akasimama, akidhani tunaitwa kusema. Wengine sita wakasimama nyuma yake.

"Viboko hamsa ishirini kila mmoja," akasema Farahani.

Nikaanza kupiga kelele kwamba tuna shauri, tuna shauri la kweli, lakini nani anamsikiliza mtu aliyekuwa anacheka sasa hivi? Askari akanishika bega. Hapo Lukwele akatoka kwenye safu yake, mpole kama padri: "Huyu namwombea, Bwana. Ni mtani wangu, akipigwa mbele yangu mimi nimekaa, ukoo wake utanitoza fidia." Bwana Shauri akapunga mkono, niachwe.

Nami nikasema, "Ahsante, mtani."

Nilisema hivyo. Matusi ya mwanzo ni mdomo tu, lakini lile nililisema nikiwa na akili zangu. Wenzangu saba wakalazwa chini mmoja mmoja, nami nikapewa nguo zao nizishike, nimesimama na furushi kifuani, na kanzu ya Kobelo mwilini.

Njiani walitembea mbele. Nilimfikia Kobelo penye maji nikamwambia sikuwauza.

"Najua hukutuuza," akasema. "Ungelala nasi tu."

Masika yale alichukuliwa mara ya tatu, hakurudi. Mkeka ulikunjwa. Wakwe waliniondoa shambani, mke akabaki kwao, na mimi niko huku kwenye kibanda cha mama yangu, wale waliobaki wa chama wakikutana nami njiani wanaangalia migomba.

Anayepita kwangu ni mmoja. Lukwele amezeeka, anakuja na fimbo, anasimama nje ya ua na kupaza sauti: "Pengo! Hujafa bado? Nimechoka kukungoja nikuzike!" Majibu ninayo, tena matamu kuliko ya bomani. Lakini niliapa sitamjibu tena mtu yule, basi nakaa ndani kimya, namsikia akingoja, kisha fimbo yake inashuka mlima, na mpaka atakapopita tena sisikii mtu akiniita.