Lori Namba 12

Mwanangu, kutoka Mitwaba mpaka Lubumbashi nilikaa siku nne juu ya magunia ya mahindi, diploma yangu ya sekondari nimeificha ndani ya shati. Nilikuwa na umri wako huo. Lugha ya kompyuta iitwayo C nilijifunza peke yangu, nikapata kazi kwenye mizani ya malori, barabara ya Kinsevere.

Niliandika programu ya kuchapa tiketi: kwanza uzito, kisha namba ya lori. Uzito ulikuwa na desimali, ulitaka alama ya %f. Mimi niliweka %d, alama ya namba kamili. Kompyuta ilinionya. Maonyo yalinichosha, nikayazima.

Asubuhi ya kwanza akaingia Papa Kalumba, dereva wa lori namba 12. Karatasi ya mgodi ilisema tani thelathini na nusu za mawe ya shaba. Tiketi yangu ikasema tani 12. Mahali pa namba ya lori zilitoka tarakimu ndefu zisizo na maana. Nikasema printa imezeeka.

"Papa, zingine uliuzisha wapi?" mlinzi akamcheka. "Ao ulizikula?"

"Miye hapana mwizi!"

Walinzi wakamvua mkanda na viatu, wakamkalisha chini mbele ya madereva wenzake.

Likaja lori namba 19. Tiketi: tani 19. Mama Ngoie, fundi wa mizani, akaweka tiketi mbili mbele yangu.

"Weye, angalia. Mashini iko nachapa namba ya lori mahali pa uzito."

Akaniamuru niwashe yale maonyo, niyasome kwa sauti. Niliiahidi kompyuta namba kamili nikaipa desimali; nayo ikachukua namba kamili iliyoikuta, ile ya lori.

"Mashini ilikuambia, ukaifunga kinywa. Enda umwambie huyu baba, mbele ya bantu yote."

Nilikwenda, nikasema kosa ni langu. Papa Kalumba alivaa viatu polepole.

"Asante, mutoto. Lakini habari imeisha fika kwetu. Bibi yangu, mama ya batoto, iko nalia."

Wenzake wakamwita Kumi na Mbili hata baada ya kujua ukweli. Aliacha kazi. Siku niliposikia hivyo nilipanda gari la Kasumbalesa, mpakani, na Lubumbashi sijarudi tena.

Nimezunguka miji mingi, mwanangu, nimechoka. Kila alama ipe kitu cha aina yake: %d namba kamili, %f desimali, %s maneno. Usizime onyo kwa sababu linakuudhi; atakayevuliwa viatu si wewe. Mungu akupe subira ya kusoma mstari mpaka mwisho, na asiweke jina la mtu mwingine chini ya kosa lako.