Mstari Mnene Kama Ukuta

Fundi wa tovuti alitokea kwenye uashi, na mpaka leo huegemeza pima maji kwenye kioo cha kompyuta kuhakikisha kila mstari umelala sawa. Akikosea, huguna na kujipuliza vidole kama aliyejigonga nyundo. Mjane aliyemletea ukurasa wa picha za ukoo alitaka mstari mmoja tu, chini ya wanawe wanne, uwatenge na yule mtoto wa nje aliyejitokeza mazishini.

“Unene gani, mama?”

“Kama ukuta. Watu wajue.”

Fundi akaongeza unene, akapima, akaongeza tena. Mjane akateremsha ukurasa: weusi mtupu, weusi mtupu, kisha picha ya yule wa nje, peke yake, imejaa kioo kizima, na pua ya marehemu mumewe.

“Amependeza,” fundi akasema.

“Punguza, mwanangu. Uwe kama uzi.”