Mbwa Aliyetolewa Shimoni

Msimu wa mvua za masika, nyumba yetu katika mtaa wa Skuta ilikuwa na harufu ya mbwa aliyelowa. Harufu hiyo ilichanganyika na ya dawa ya kupe, na ya mafuta ya cherehani, na ya sweta zilizoanikwa juu ya jiko la makaa kwa kuwa jua lilikuwa limetususa. Mlima ulijifunika mawingu tangu asubuhi hadi jioni, na Nyeri nzima ilikuwa na rangi moja, ile rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nilikuwa darasa la tano. Niliishi na Tata Wanjugu, dada yake baba, kwa sababu wazazi wangu walikuwa wakifanya kazi Nakuru na waliona afadhali nisome karibu na mtu wa damu yetu. Tata alishona sare za shule sebuleni mwetu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini, asiyependa ugomvi na mtu yeyote. Lakini akisikia kiumbe kinalia mahali, paka au mbuzi au hata kunguru, aliacha nguo ikiwa nusu kwenye cherehani akatoka.

Hakuwa peke yake. Kulikuwa na Mama Rupa, Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye Tata alimjua kwa kununua kwake vitambaa vya sare. Nyuma ya duka palikuwa na ua wa mawe, na humo ndimo walimowaweka wanyama waliookotwa mpaka wapate wenyewe. Mama Rupa hakuwahi kula nyama maishani mwake, lakini kila Jumamosi alinituma buchani kuchukua mifupa ya mbwa, nami nikirudi nayo alinifungulia mlango huku ameugeuza uso ukutani. Wa tatu alikuwa mzee Githinji, aliyekuwa mchimba visima kabla magoti hayajamsaliti. Yeye alikuwa na kamba, ngazi na ujuzi wa kushuka mashimoni. Hawakuwa na jina wala ofisi. Watu ndio waliowapa jina, wakawaita Watu wa Mbwa, na walilitaja kwa kicheko. Kanisani mwetu kulikuwa na mama mmoja aliyesema wazi kwamba ni laana kumlisha mbwa ilhali kuna binadamu wanalala njaa. Tata alimjibu kwamba mkono unaompa mbwa haujakatazwa kumpa mtu. Wema hauozi, alizoea kuniambia tukiwa njiani kurudi nyumbani, nami nilimwamini kama nilivyoamini kwamba kesho kutakucha.

Siku moja mchana watoto walikuja mbio kusema kuna mbwa ameanguka katika shimo. Ploti moja chini ya barabara ilikuwa imechimbwa choo, kisha mwenyewe akaacha ujenzi, na mvua ikawa imelijaza shimo matope. Tulipofika tulimwona mbwa jike wa rangi ya kahawia amesimama kwenye matope yaliyomfika kifuani. Hakubweka. Alitazama juu kwa macho mekundu, na mate yalikuwa yakimtoka kama uzi. Mzee Githinji alisema amechoka tu, maskini, kalala humo na baridi. Tata ndiye aliyeshuka, kwa kuwa magoti ya mzee hayangeweza, akamfunga kamba kifuani na nyingine shingoni, nao waliokuwa juu wakavuta. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wamesimama kandokando ya shimo. Mbwa alipotokeza kichwa walipiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa Muriithi, wa darasa la kwanza, mtoto wa jirani yetu wa chini. Nakumbuka alikuwa amevaa gambuti, viatu vya mpira vya dada yake, kubwa mno, na kila aliporuka kwa furaha moja ilibaki nyuma.

Walipokuwa wakimtia ndani ya gunia, mbwa aligeuka ghafla na jino lake likamchuna Tata kwenye kifundo cha mkono. Kilikuwa kidonda kidogo, kama cha sindano ya cherehani. Tata alitaka kukifuta na leso aendelee na kazi, lakini tulipofika dukani Mama Rupa alimshika mkono akauweka chini ya bomba, akauosha kwa sabuni muda mrefu, maji yakimwagikia viatu vyake mwenyewe. Alisema maneno machache tu. "Wewe enda hospitali leo. Hapana kesho." Tata akaenda, akadungwa sindano, akaambiwa arudi kwa nyingine, naye akarudi kila alipoambiwa. Daktari wa mifugo alikuja uani akamtazama yule mbwa kwa mbali. Alisema huenda ni kichaa cha mbwa, huenda ni homa na uchovu, hawezi kuapa. Afungwe kando na wengine, atazamwe, mtu asimkaribie. Asubuhi iliyofuata tulikuta kamba imetafunwa, chombo cha maji kimepinduliwa, na mbwa hayupo. Alikuwa amepenya chini ya lango la mabati.

Hapa ndipo ninapotaka kusimulia polepole, kwa sababu nimeliwaza jambo hili zaidi ya mambo mengi ya maisha yangu. Tata alianza kumtafuta asubuhi hiyohiyo, mimi nikimfuata na mwavuli. Tulipita nyumba kwa nyumba, Skuta nzima, tukashuka hadi kwenye mashamba ya viazi na kijito kilicho chini. Kila mlango Tata aliuliza kama wamemwona mbwa wa kahawia mwenye kipande cha kamba shingoni. Hakuongeza neno. Hakusema kwamba anaweza kuwa mgonjwa, wala kwamba watoto wafungiwe ndani. Njiani nilimuuliza kwa nini hawaambii, akanijibu kwamba akilitaja neno kichaa, vijana watachukua rungu na kuua kila mbwa mtaani, wazima kwa wagonjwa, na tutampata tu kabla ya jioni. Kwa akili yangu ya kitoto niliona jibu hilo lina busara. Kwa Mama Muriithi pia tulipita. Alikuwa anaanua nguo kwa sababu mvua ilikuwa imeanza kudondoka, akasema hajaona mbwa, akatukaribisha chai, Tata akamshukuru na kusema tuna haraka. Hatukumpata mbwa siku hiyo. Baadaye mtu alituambia kuna mbwa amekufa kwenye vichaka karibu na kijito, Githinji akaenda akamzika, na sote tukashusha pumzi, kwa kuwa tulidhani mambo yamekwisha.

Mvua zilipokatika na baridi kali ikashika, Muriithi alianza kuumwa. Kwanza ilisemwa ni mafua, kisha malaria, ingawa kwetu malaria si ugonjwa wa kawaida. Alilalamika kwamba mkono unamwasha mahali ambapo palikuwa na kovu. Mama yake alilijua hilo kovu, kwa maana Muriithi alikuwa amemwambia alikatwa na mabati. Halafu siku moja akapewa maji akakisukuma kikombe, koo likamkaza kwa kuyaona tu. Wakamkimbiza hospitali. Madaktari waliuliza kama aliwahi kuumwa na mbwa, na wazazi wakasema hapana, na dada yake mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kulia. Ndiye aliyejua. Yeye na Muriithi walikuwa wameenda kijitoni bila ruhusa, wakamkuta mbwa wa kahawia amejikunja vichakani, na kamba imemkaza shingoni. Muriithi alitaka kumfungua. Alisema Watu wa Mbwa wangemfungua. Alipoumwa, walikubaliana wasiseme, wasije wakachapwa kwa kwenda mtoni. Ugonjwa ule ukishajionyesha hauna dawa, na Muriithi hakurudi nyumbani. Alizikwa kwao Wamagana, katika shamba la babu yake, ardhi ikiwa imelowa ukungu hivi kwamba koleo ziliteleza mikononi mwa waliokuwa wakifukia.

Tata hakuthubutu kukaribia kaburi. Alisimama nyuma kabisa, kando ya ua wa michongoma, nami nikiwa nimeshika mfuko wa koti lake. Watu walikuwa wamekwisha kuunganisha habari, na minong'ono ilitufuata kama nzi. Baada ya matanga alikaa siku kadhaa bila kugusa cherehani, kisha Jumapili moja baada ya ibada aliniambia nivae viatu. Alitaka kwenda kwa Mama Muriithi na hakuwa na nguvu za kwenda peke yake. Tulimkuta nje ya jikoni akipukuchua mahindi. Hakutukaribisha kiti, wala hakutufukuza. Tata alisimulia yote tangu mwanzo, shimo, jino, daktari wa mifugo, kamba iliyotafunwa, bila kujitetea popote. Mama Muriithi aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu mkononi.

"Hiyo siku ulipita hapa ukiuliza mbwa," alisema, "ulikuwa unajua iko na ugonjwa?"

"Nilikuwa nashuku," Tata alijibu.

"Na wewe ulikuwa umedungwa sindano?"

"Ndiyo, Mama Muriithi. Nilikuwa nimedungwa."

Kuku walikuwa wakidonoa punje miguuni pake naye hakuwafukuza. Baadaye alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba tu apumzike, "Basi rudi nyumbani, Wanjugu. Siko na nguvu ya kukutukana."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wamesema wahenga, na mimi siku ile nilijua kwamba kuna uchungu ambao jirani hana hata haki ya kuulilia kwa sauti. Tulipanda kilima kurudi nyumbani. Wiki hiyohiyo daktari wa mifugo alirudi uani kwa Mama Rupa. Mbwa waliokuwa wamekaa ua mmoja na yule mgonjwa hawakuwa wamechanjwa, na hapakuwa na njia ya kujua nani kaambukizwa. Mama Rupa aliomba wasiuawe, wafungiwe miezi yote inayotakiwa, yeye atawalisha. Tata ndiye aliyekataa. Alisema hatakuwa tena mtu wa kubahatisha na watoto wa watu. Aliingia uani amevaa glavu nene, akamshika kila mmoja kichwa magotini pake wakati wa sindano ya mwisho, akimwita jina, na wale mbwa waliomwamini walitikisa mikia. Mimi nilikuwa dukani, katikati ya majora ya vitambaa, na Mama Rupa alikuwa amenifunika masikio kwa mikono yake ingawa hakukuwa na kelele yoyote ya kusikia. Huko mtaani nako vijana walipita na rungu zao, kama Tata alivyokuwa amehofia tangu mwanzo. Paka aliyekuwa akilala dirishani mwetu hakuonekana tena.

Nilifikiri Tata ataacha. Wengi walifikiri hivyo, na wengine walilitaka hilo. Badala yake alianza kwenda ofisi za mifugo, kisha kwa mchungaji, kisha kwa mwalimu mkuu, akiomba jambo moja, chanjo ya mbwa wa mtaa mzima, na mtu wa kupita akiwaeleza watu nyumba kwa nyumba. Alipita yeye mwenyewe. Baadhi walimfungia mlango usoni. Alisema maneno yake hata kwa mlango uliofungwa, ugonjwa ni upi, kidonda kioshwe vipi, mtoto asichapwe akisema ameumwa. Mwaka uliofuata, mbwa wakachanjwa katika uwanja wa shule. Foleni ilikuwa ndefu kuliko alivyotarajia mtu yeyote, watu na mbwa wao wamefungwa kwa kamba, kwa minyororo, kwa mikanda ya suruali. Kazi ya Tata ilikuwa kuwashika mbwa vichwa. Nilimwona Mama Muriithi kabla Tata hajamwona. Alikuwa amesimama kwenye foleni kama wengine, na mbwa mdogo mweusi, leso imefungwa chini kabisa karibu na nyusi. Zamu yake ilipofika Tata alirudi nyuma, akamwashiria kijana mwingine aje ashike. Mama Muriithi alimpita kijana huyo akamnyooshea Tata kamba.

"Shika wewe," alisema.

Tata akapiga magoti nyasini akamshika mbwa. Sindano ikaingia, ikatoka. Hawakusema lingine, siku hiyo wala nyingine ninayoijua, ila tangu hapo walisalimiana njiani.

Sasa mimi ni mtu mzima, nafanya kazi katika duka la dawa mjini, na Tata amerudi kijijini kwao, Wamagana hukohuko, kwenye majani yake ya chai, mikono imeanza kutetemeka. Mama Rupa alihamia kwa binti yake ng'ambo, mzee Githinji amefariki. Skuta ya leo ina magorofa mahali palipokuwa na viazi, na mbwa wamezidi kwa sababu taka zimezidi. Kuna kikundi kipya cha kuokoa wanyama, vijana wengi, nami nimo. Wana glavu, vizimba vya kubebea na simu za kupiga picha, na mtu akituona na mbwa mikononi haulizi tena kama tumerogwa. Anatusifu. Juzi tulimtoa mbwa kwenye mtaro uliofunikwa kwa saruji, tukampeleka kwa daktari, akachanjwa, akapona, na tulipomrudisha mtaani alikotoka vijana walimrekodi akikimbia. Kufika jioni maelfu ya watu walikuwa wameitazama video hiyo na kuandika maneno matamu. Nawapenda hawa vijana. Wanajua mengi ambayo Tata aliyajua kwa kuchelewa, na Muriithi angekuwa wa rika la wakubwa wao. Lakini wao, mbwa akiachiliwa, hutazama jinsi anavyokimbia, nami hutazama anaelekea kwa nani. Wanapomaliza kupiga picha na kupanda pikipiki zao, mimi hufunga koti, nikateremka kwenye zile nyumba za chini, na kubisha hodi mlango wa kwanza.