Nilisema Niko Mwenyewe

Nilipokuwa natafuta nyumba ya kupanga kwa mara ya kwanza, sikukutana na mtu ambaye hakuwa na ushauri. Mwalimu mkuu aliniambia nyumba haitazamwi kiangazi, nisubiri siku ya mvua nione maji yanaelekea wapi. Mwalimu wa hesabu, ambaye amehama mara saba na bado anaongea kama bingwa wa kupanga, alisema nisikubali mita ya umeme ya kuchangia hata nikibembelezwa. Mjomba wangu alipiga simu kutoka Chole kusema mkataba usiishie sebuleni kwa mwenye nyumba, upelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Niliyaandika yote nyuma ya daftari langu la maandalio ya masomo. Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo, na nikikumbuka sasa naona hapo ndipo penye aibu yangu, kwa sababu nilifuata kila nilichoambiwa.

Sababu ya kutafuta nyumba ilikuwa mama. Hapa Kibaha nilikuwa nikikaa chumba kimoja na mwalimu mwenzangu wa kike, tunaelewana, na kwa nafsi yangu sikuhitaji zaidi. Lakini mama alikuwa Chole, kule ndani Kisarawe, na moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilivimba, pumzi zilimwisha akitoka tu jikoni kwenda uani. Daktari wa huku alitaka kumwona kila baada ya wiki mbili, na kutoka Chole kuja Kibaha ni safari ya kutwa nzima hata barabara ikiwa kavu. Masika yakiingia, unalala njiani au husafiri kabisa. "Mama yako akae karibu na hospitali," daktari alisema bila kuinua kichwa. Nikasema sawa. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliyebaki hai, ningesema nini kingine?

Dalali aliyenitembeza alikuwa mwanamume wa makamo mwenye simu mbili na haraka isiyokwisha. Alinipeleka kwanza Mbwawa, kwenye nyumba mpya iliyosimama katikati ya mashamba ya mihogo, bado haina madirisha, akaniambia kwa uso mkavu kwamba hewa ni nzuri. Nikakataa. Ndipo akanipeleka Tangini, na njiani akanipa ushauri wake, ambao nao niliufuata.

"Mwalimu, ukiulizwa unakaa na nani, wewe sema uko mwenyewe. Huyu mama anapenda mpangaji mmoja, mtumishi, asiye na mambo mengi. Ukishaingia umeingia, nani atakuja kuwahesabu?"

Nyumba ilikuwa ile niliyoiota. Chumba chenye choo chake humo ndani, sebule ndogo, mita yangu peke yangu, na maji yanayotoka siku nyingi kuliko zile yasizotoka. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilisimama uani na mwavuli nikaona maji yote yanakwenda mtaroni, nikaridhika. Kisha nikainama nikapima kizingiti cha mlango kwa shibiri. Hakikufika hata shibiri moja. Mama angeweza kukivuka bila kushikwa. Nikapima na upana wa mlango wa choo, nikiwaza siku atakapohitaji mtu wa kuingia naye.

Mwenye nyumba alikuwa amesimama nyuma yangu. Ni mjane mstaafu, anaishi nyumba ya mbele ndani ya uzio huohuo.

"Mbona unapima, mwalimu?"

"Naangalia kama kabati litapita, mama."

"Utakaa na nani?"

"Niko mwenyewe."

Sikuona kama ni uongo, maana siku ile kweli nilikuwa mwenyewe. Tena kwetu mtu haombi ruhusa ya kukaa na mama yake. Ukiwa na paa, mama yako ana paa, na anayekuuliza zaidi ya hapo amekukosea adabu. Nilifikiri akishafika, mambo yatajieleza yenyewe. Nikalipa miezi sita kama ilivyo desturi, mwenyekiti akagonga muhuri wake, nikawa mpangaji.

Mama alikuja baada ya wiki mbili na birika lake, mkeka wake na mfuko wa korosho. Mwenye nyumba alisimama mlangoni kwake akaitazama ile mizigo kwa muda. Kisha akashuka, akachukua mfuko mzito kuliko yote. "Shikamoo, dada." "Marahaba, mdogo wangu." Hakuniuliza kitu. Wiki haikuisha, tayari asubuhi alikuwa anamletea mama uji wa ulezi, na mama anamfundisha kupika kisamvu cha korosho kama cha nyumbani. Nilikuwa nikirudi shuleni nawakuta barazani wanachambua mchele, wanasengenya watu nisiowajua. Nilijiona mjanja sana siku hizo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nilijiambia, na mwenyeji kweli alionekana kupona.

Miezi miwili ilipita hivyo. Mchana mmoja nikaitwa kutoka darasani. Nilikuta majirani wamejaa uani, mama amekaa sakafuni sebuleni, ameegemea ukuta, midomo imebadilika rangi, na mwenye nyumba amemkumbatia mgongoni, anampepea kwa pindo la khanga. Tukambeba hadi kwenye bajaji. Alilazwa siku nne. Aliporudi alikuwa amepungua, anaongea maneno matatu anapumzika.

Jioni ileile mwenye nyumba aliniita kwake. Alikuwa ameandaa chai.

"Mwalimu, uliniambia uko mwenyewe."

"Nisamehe, mama."

"Sikulaumu kwa sababu ya mgonjwa. Mgonjwa nimemuuguza na mimi." Hilo lilikuwa kweli. Akakoroga chai ambayo tayari ilikuwa imekorogeka. "Ninachoogopa ni msiba. Jirani yangu hapo chini alifiwa na mpangaji. Mikeka ikatandikwa, masufuria uani siku tatu, maiti ikaoshwa humohumo chumbani. Mpaka leo kile chumba hakikai mtu. Anakuja wa kuangalia, watu wanamnong'oneza, anageuza. Mimi ninakula vyumba hivi, mwalimu. Sina kingine."

"Mama yangu hajafa."

"Hajafa, ndiyo maana nasema sasa. Mpeleke kwao angali anatembea."

Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwa mtu mzima, kwamba angetukatalia basi siku ya kwanza. Hapo akanitazama usoni.

"Siku ile ungenieleza, ningekwambia hapana, na wewe ungekwenda kutafuta kwingine ukiwa na muda. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umeficha mpaka nimemzoea."

Nilimchukia. Nilimchukia zaidi kwa sababu alikuwa analia.

Nikampigia dalali simu. Safari hii nilimwambia nitasema kweli, akaguna, lakini akaja. Nyumba ya kwanza, niliposema nina mama mgonjwa wa moyo, ikawa imeshachukuliwa. Ya pili ikaanza kukarabatiwa palepale nikiwa nimesimama mlangoni. Ya tatu mwenyewe aliniuliza amelazwa mara ngapi, nikamjibu, akanitakia kila la heri na kufunga geti. Ya nne ilikuwa Mbwawa, ya mzee mmoja mwenyeji wa huku. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mlete, mwanangu," akasema. "Kufa tutakufa wote, na mikeka ninayo."

Nusura nimbusu mkono. Kisha nikaitazama nyumba. Mlangoni kulikuwa na ngazi sita za tofali, ndefu, zisizo na pa kushika. Choo kilikuwa cha shimo, huko nyuma ya mihogo. Niliinama nikapima ngazi ya kwanza kwa shibiri, ikazidi, nikaacha. Nyumba pekee iliyokubali kumpokea mama yangu akifa, akiwa hai asingeweza kuingia.

Niliporudi Tangini nilimkuta mama ameshakunja mkeka wake. Hakuna aliyemwambia kitu. Mtu aliyezika watoto wanne hasubiri kuambiwa.

"Mwanangu, nyumba ya kupanga haifiwi. Nirudishe Chole."

"Na daktari?"

"Daktari kazi yake kunipa vidonge. Vidonge vinabebeka."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na mkataba wenye muhuri, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba watu hawafi. Ningeweza kumwambia mwenye nyumba aende kwa mwenyekiti tukaonane huko. Niliyawaza yote hayo. Lakini nilikuwa nimechoka, na nitalisema kama lilivyokuwa: ndani yangu nilishukuru kwamba mama amelitamka kabla sijalitamka mimi.

Nilimrudisha Jumamosi. Mwenye nyumba alimpa doti ya khanga, mama akamwombea dua ndefu, wakashikana mikono wasitake kuachiana. Kisha mama akageuka kuchukua fimbo yake ndani, akatoka, akakivuka kizingiti bila kushikwa na mtu, kama nilivyopima.

Siku ya tisa mvua ilinyesha Chole tangu alfajiri. Mjomba alipiga simu nikiwa ninasahihisha madaftari: mama hapumui vizuri, wametafuta gari la kumleta Kibaha, limepatikana, lakini limekwama kwenye tope kabla ya kufika nyumbani. Akapiga tena kusema wanalisukuma. Mara ya tatu hakupiga yeye. Kipande cha mwisho cha njia nilikitembea kwa miguu, viatu mkononi, nikamkuta ameshaoshwa na kukafiniwa, wananisubiri mimi tu nimtazame uso. Kutoka Tangini mpaka hospitali ni mwendo wa dakika chache kwa bajaji. Pale msibani hakuna aliyenikumbusha hilo, watu wa kwetu ni waungwana. Nilijikumbusha mwenyewe.

Siku ya tatu mwenye nyumba alikuja na mchele na mafuta, amepita tope lilelile. Akakaa mkekani na wanawake wa kwetu, akalia kuliko wengine. Wakati wa kuondoka alinishika bega. "Nyumba yako ipo, mwalimu." Nilirudi. Ningekwenda wapi? Bado ninakaa hapo. Asubuhi ananiletea uji, ninakunywa.

Juzi mwalimu mgeni, binti aliyetoka chuo, aliniomba ushauri. Anatafuta chumba, hajawahi kupanga, aangalie nini? Nikamweleza habari ya mvua, ya mita, ya muhuri wa mwenyekiti. Chumba cha jirani yangu, ndani ya uzio uleule, kilikuwa wazi, nikampeleka akione. Mwenye nyumba alimtembeza, akamsifia maji, akamsifia majirani, akamwonyesha mtaro.

"Na nyumba hii," akamalizia, "tangu ijengwe haijatoka maiti."

Yule binti akanigeukia, nusu anacheka. "Ni kweli, dada?"

Mwenye nyumba alikuwa anatazama sakafu.

"Kweli," nikamjibu. Nilihakikisha mwenyewe.