Nilitafutia Mzee pedi baada ya oparesheni ya prosteti, nikatumwa family planning

Wakuu, salamu kutoka Rangwe. Sina haja ya kudanganya mtu. Mzee alishapumzika, na mwenyewe aliniruhusu niseme hii stori akishaenda.

Ni miaka ya tisini. Baba yangu alikuwa ametoka oparesheni ya prosteti. Catheter, ule mrija wa mkojo, ikatolewa, akarudi nyumbani, lakini mkojo ukakataa kukaa. Ukija, umekuja.

Na Jumamosi wakwe walikuwa wanaleta ng'ombe za mahari ya dada yangu.

Wenye mnajua sisi Wajaluo mnaelewa. Mbele ya wakwe hata nyama unatafuna kwa adabu. Sasa baba ya msichana alowe suruali mbele yao? Yawa! Mzee akasema afadhali warudi na ng'ombe zao.

Alhamisi nikaenda kumtafutia pedi hospitali ya serikali, sitaitaja. Pharmacy wakanituma store. Store wakasema pedi ziko maternity. Maternity sista akacheka.

"Hizi tunakunja wenyewe na pamba na bandeji, ni za akina mama wamejifungua. Na zimeisha."

Nikarudi pharmacy. Hapo hata sikujua tena nilikuwa naulizia nini.

Mwishowe sista mmoja wa wodi ya wanaume akanihurumia, akaniandikia kikaratasi: peleka family planning.

Nikapanga laini na akina mama wenye watoto mgongoni, wote wananiangalia. Nikapeana karatasi. Nikapewa kondomu, boksi nzima, bure.

Wakuu, nilichanganyikiwa kabisa. Mzee ana miaka sabini! Tena ni mzee wa kanisa, alishahubiri mbele ya watu akasema mwenye atapatikana na hiyo kitu atengwe.

Nikarudi kwa yule sista wa wodi na hasira. "Sista, unanichezea? Baba ni mgonjwa!"

Alitoboa kondomu moja kwenye ncha, akaiunganisha na mrija wa drip kwa plasta, mrija ukaingia kwa mfuko wa mkojo. "Anavaa hivi, mfuko anafunga kwa mguu, ndani ya suruali. Omera, ndugu yangu, umeelewa sasa?"

Nilielewa. Lakini Mzee nitamwambia nini?

Nilimwambia ni kifaa cha hospitali. Nikamwonyesha kwa kidole gumba, maana mtoto haoni uchi wa babake. Akaichukua, akaingia nyuma ya pazia.

Jumamosi alikaa na wakwe tangu saa nne mpaka saa kumi. Alikula, akaongea sana kushinda wote. Suruali kavu. Ng'ombe zikabaki.

Walipoondoka akaniita.

"Nyathina, mwanangu, hiyo kitu niliijua tangu uliponionyesha."

Nikainama. Nilijua leo nitalaaniwa.

"Kesho kuna kanisa," akasema. "Zimebaki ngapi?"

Funzo langu: ukiuguza mzazi, aibu weka kando na uulize mpaka mlango wa mwisho. Hiyo mahubiri hakuirudia tena, na mimi mpaka leo sijui nicheke ama nilie.

Nyinyi wenye mmepitia hii, mlitumwa wapi?